Nyumba moja, mitandao miwili: kisa cha duka na sebule Ngamiani

Nyumba iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mbele ni duka la steshenari: fotokopi, kuprinti, picha za paspoti, kujaziwa fomu za mtandaoni. Ukipita ukumbi na uani unaingia makazi ya familia. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima ambaye dukani anakaa mwenyewe tangu saa mbili asubuhi. Binti yake ni mwalimu wa sekondari, na jioni hutunga mitihani sebuleni. Mama alinipigia simu baada ya mafundi wawili kuja na kuondoka. Mmoja aliifuta programu ya printa na kuiweka upya, mwingine alimshauri anunue printa mpya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu nitazamie hii printa. Ipo hapa dukani, naiona kwa macho yangu. Binti yupo kule ndani na laptopu, anaambiwa printa haipo. Kila akitaka karatasi mbili aje na flashi, nami nifungue duka usiku. Halafu picha za wateja tumezihifadhi kwenye kompyuta ya ndani, na hapa dukani hazifunguki kabisa."

Yalikuwa malalamiko mawili, na yeye aliyasema kama jambo moja. Mafundi waliotangulia nao waliyachukua kama jambo moja, na nadhani hapo ndipo walipopotelea. Naandika kwa urefu kwa sababu nami katikati ya kazi nilikosea, na kosa lenyewe ndilo lililonionyesha nyumba ile ilikuwa inaumwa wapi.

Nilichokikuta

Juu ya kabati la dukani kuna boksi la faiba la kampuni ya intaneti, lina poti nne na waifai yake. Linagawa anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa, za 192.168.1. Printa ilikuwa na 192.168.1.20, kompyuta ya duka 192.168.1.15. Neno la siri la waifai hiyo wanapewa pia wateja wanaosubiri kwenye benchi, na mama halioni kuwa tatizo: mteja akipata intaneti hachoki kusubiri.

Nyumba ni ya zamani, kuta zake ni nene, na waifai ya dukani ikifika uani imeshazimika. Kwa hiyo mtoto wa kiume, ambaye sasa anaishi Dar, alinunua ruta ya pili, akavuta waya kutoka kwenye boksi hadi sebuleni, akauchomeka kwenye ile poti ya rangi tofauti iliyoandikwa WAN, ya kupokelea intaneti. Intaneti ikafika ndani, wote wakafurahi. Ila tangu siku hiyo nyumba ikawa na mitaa miwili. Ruta ya sebuleni iligawa anwani zake yenyewe, 192.168.0: laptopu ya binti 192.168.0.11, kompyuta yenye picha 192.168.0.10, rekoda ya kamera 192.168.0.30, runinga, na simu za familia.

Kabla ya yote nilichomoa waya ule upande wa sebuleni nikautazama kwa tochi. Zile shaba nane ndogo kwenye kichwa cha waya zilikuwa zimeota ukijani, kama sarafu ya zamani iliyookotwa ufukweni. Hewa ya chumvi ya Tanga haina huruma na vichwa vya bei rahisi. Nilikikata, nikabana kipya. Haikuwa sababu ya malalamiko yao, lakini sipendi kupima mtandao juu ya waya nisiouamini.

Sasa, 192.168.0.11 na 192.168.1.20 ukiziangalia kwa haraka ni kama majirani wa ukuta mmoja. Kifaa hakitazami hivyo. Kila kifaa kina kitu kiitwacho maski, na hapa pande zote mbili ilikuwa 255.255.255.0. Maana yake ni kwamba namba tatu za kwanza ni mtaa na namba ya nne ni nyumba. Laptopu ikitaka kuzungumza na anwani fulani inalinganisha mtaa wake na wa mwenzake. Ukiwa mmoja, inamwita moja kwa moja kwenye waya. Ukiwa tofauti, haimtafuti kabisa. Mzigo inamkabidhi ruta wake na kuacha ajue mwenyewe. Namba 0 na namba 1 kwenye nafasi ya tatu zilitosha kuwafanya wale kuwa watu wa mitaa miwili.

Lalamiko la kwanza: printa isiyoonekana

Nilikaa kwa binti sebuleni nikaandika amri moja, ile ya kukiita kifaa na kusubiri kijibu:

ping 192.168.1.20

Printa ikajibu papo hapo, mara nne, na mwisho wa kila mstari paliandikwa TTL=63. Namba hiyo nilimwonyesha binti kwa kidole. Vifaa vingi, printa hii ikiwemo, hutuma ujumbe vikiwa vimeuandikia 64, na kila ruta anayeupitisha anapunguza moja. Kwa hiyo 63 ilikuwa inatuambia kwamba jibu limetoka kwa printa, likapita kwa ruta mmoja, likafika. Njia ilikuwepo siku zote. Printa ilikuwa nzima, na programu iliyofutwa na kuwekwa upya nayo ilikuwa nzima.

Kilichokosekana ni hodi. Laptopu au simu inapotafuta printa haina orodha ya anwani za kupitia, inapiga mbiu kwenye mtaa wake: "Nani hapa ni printa?" Mbiu hiyo kwa njia ya mDNS huenda kwenye anwani 224.0.0.251, poti 5353 (poti ya namna hii ni namba ya huduma, si tundu la waya). Kwa njia ya SSDP huenda 239.255.255.250, poti 1900. Zile zinazoanza na 224.0.0 zimewekwa makusudi zisivuke ruta yoyote, hata iwe jirani. Mtu akipiga hodi uani kwake, wa nyumba ya pili hawajibiki kuitikia kwa sababu sauti imeishia ukutani. Binti aliita, printa haikusikia, kompyuta ikatafsiri ule ukimya kuwa "printa haipo". Tafsiri hiyo ndiyo iliyotaka kumgharimu mama printa mpya.

Dawa ilikuwa ndogo. Kwenye boksi la faiba niliifungia printa anwani yake, ili kila ikiwashwa ipewe ile ile 192.168.1.20. Kisha kwenye laptopu nikaiongeza printa kwa kuandika anwani badala ya kuitafuta, poti 9100. Karatasi ya majaribio ikasikika ikitoka dukani.

"Kaka, kumbe ni hivi tu?"

"Kwa laptopu, ndiyo. Kwa simu bado."

Simu za Android nyingi zinakubali kuandikiwa anwani ya printa kwenye mipangilio ya kuprinti. iPhone inategemea ile mbiu, na binti ana iPhone. Tukaliacha hapo kwanza.

Lalamiko la pili: upande usiofunguka

Nikahamia dukani, kwenye kompyuta ya mama, nikaipingi 192.168.0.10. Kimya. Nikaandika tracert 192.168.0.10 ili nione ujumbe unapita wapi. Mstari wa kwanza ulikuwa 192.168.1.1, yaani boksi la faiba. Mstari wa pili ilikuwa anwani inayoanza na 10, ambayo haimo ndani ya nyumba ile. Baada ya hapo nyota tupu, mstari baada ya mstari.

Nilimwita mama aje aone, kwa sababu sikutaka aniamini kwa maneno tu. Ujumbe wa kwenda kwenye chumba kilichoko hatua kama kumi na tano nyuma yake ulikuwa unatoka mlangoni, unaingia kwenye faiba, unaondoka Ngamiani kuelekea kwa kampuni ya intaneti, na huko unatupwa. Anwani za 10, za 172.16 hadi 172.31 na za 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani tu, na waraka unaotumika hadi leo, RFC 1918, ni wa mwaka 1996. Huko nje hakuna mwenye kujua 192.168.0.10 ya nani, maana nyumba chungu nzima zinayo.

Boksi halikukosea. Linaujua mtaa wake, 192.168.1, na linajua mlango wa nje. Mtaa wa 192.168.0 haliujui, kwa sababu hakuna aliyeliambia upo. Na lisichokijua hukitupia mlango wa nje.

Kwa nini basi kutoka ndani kwenda dukani kulikubali? Kwa sababu ya NAT, yaani ruta kubadilisha anwani ya mtumaji. Ruta ya sebuleni inafanya kama mtoto anayetumwa dukani: mwenye duka anamjua mtoto, hamjui aliyemtuma. Laptopu ikipeleka kazi kwa printa, ruta inafuta jina la laptopu na kuandika lake la upande wa dukani, 192.168.1.7. Printa inamwona mkazi wa mtaa wake na kumjibu. Ruta inakumbuka nani alituma na kumpelekea jibu. Lakini mtu wa dukani akitaka kuanzisha mazungumzo na mtu wa ndani, hana pa kuanzia. Jina analoliona ni la mtoto tu, na mtoto hana kumbukumbu ya kutumwa.

Nilipokosea

Fundi yeyote akifika hapa anajua dawa ya kitabuni: liambie boksi la faiba kwamba mtaa wa 192.168.0 unapatikana kwa 192.168.1.7. Niliingia kwenye boksi kwa jina la mteja na ukurasa huo haukuwepo. Kampuni nyingi huacha mipangilio michache kwa mteja na kujifungia mingine.

Nikasema basi, kama boksi haliwezi kuambiwa, niiambie kompyuta ya duka yenyewe. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi nikaandika:

route -p add 192.168.0.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.7

Ile -p inaifanya njia ibaki hata kompyuta ikizimwa. Nikapima tena: bado kimya. Ujumbe sasa ulikuwa unafika kwa ruta ya sebuleni, ila faiawali yake, yaani mlinzi anayechuja ujumbe unaoingia, ilikuwa inaukataa kwa kuwa umekuja bila kuitwa. Nikaingia kwenye ruta ile, nikakuta swichi ya NAT, nikaizima.

Kutoka dukani nikaipingi 192.168.0.1, ikajibu. Nikaipingi rekoda ya kamera, 192.168.0.30, nayo ikajibu. Kompyuta ya picha peke yake haikujibu. Nikadhani imelala, nikaiweka kiporo. Nilikuwa nimeanza kukusanya vifaa niliposikia sauti kutoka ndani.

"Kaka fundi! Intaneti imekata. Na printa imegoma tena."

Nilisimama pale uani nikiwa na koleo mkononi, nikalifikiria upya jambo lote. Nilikuwa nimetengeneza njia ya kwenda nikasahau ya kurudi. NAT ilipozimwa, ujumbe wa laptopu ulianza kutoka na jina lake halisi, 192.168.0.11. Ukafika kwa printa sawasawa. Printa ikaandaa jibu, ikaona mtaa si wake, ikamkabidhi boksi la faiba. Boksi halijui 192.168.0 ni wapi, likalitupa jibu nje. Intaneti nayo hivyo hivyo: ombi lilifika hadi kwenye boksi, na kuanzia hapo halikuwa na pa kurudishiwa. Katika nyumba nzima ni kompyuta moja tu iliyojua njia ya kurudi sebuleni, ile niliyoiandikia kwa mkono wangu, na ndiyo niliyokuwa naitumia kupima. Kwa hiyo nilijiona nimefaulu kwa sababu nilipima kutoka mahali pekee ambapo kungefaulu.

Niliirudisha NAT, nikaifuta ile njia kwa route delete 192.168.0.0, intaneti ya ndani ikarudi. Nikamwomba mama radhi kwa zile dakika, akaniambia nikae kwanza ninywe chai.

Chaguo nililolikataa

Wakati wa chai binti aliniambia rafiki yake amemshauri njia rahisi: waya utoke kwenye poti ya WAN uingie kwenye poti ya kawaida, ruta ya sebuleni izimwe ugawaji wa anwani, iwe ya kutoa waifai tu. Nyumba nzima itakuwa mtaa mmoja wa 192.168.1, printa itaonekana na simu zote, picha zitafunguka, kazi imekwisha.

Ushauri huo ni mzuri. Kwa nyumba nyingi ninazoingia Tanga, Chumbageni, Mikanjuni, Raskazone, ndicho ninachofanya, na kwa nusu saa watu wanaendelea na maisha yao. Ruta mbili zinazogawa anwani ndani ya nyumba moja mara nyingi zimewekwa hivyo bila mtu kukusudia, na hazina faida yoyote kwa wenye nyumba.

Hapa nilikataa, na ningekataa hata mama angesisitiza. Kwenye benchi la dukani wanakaa watu wasiojulikana, kila mmoja na simu au laptopu yake, na wote wana neno la siri la mtaa wa 192.168.1. Kwenye kompyuta ya ndani kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, picha za paspoti za mamia ya watu, fomu zilizojazwa majina ya wazazi na namba za simu. Pembeni yake kuna laptopu yenye mitihani ambayo wanafunzi hawajaifanya. Ile ruta ya sebuleni, iliyowekwa bila hesabu, ndiyo iliyokuwa inawatenga. Ningeunganisha mitaa ningekuwa nimemwondolea mama usumbufu wa flashi na kumpa mteja yeyote mwenye subira mlango wa kuingia kwenye taarifa za wateja wengine. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, yule aliyeacha nakala ya kitambulisho chake pale amemwamini huyu mama.

Nilimweleza hivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hayo ya vitambulisho hakuna aliyeniambia."

Kufungua poti nako nilikukataa. Ningeweza kuiambia ruta ya sebuleni kwamba yeyote anayegonga 192.168.1.7 kwenye poti 445, ambayo ndiyo ya mafaili ya Windows, apelekwe kwa kompyuta ya picha. Ruta ile haikuwa na mahali pa kusema "yeyote" awe kompyuta ya duka tu. Benchi lote lingegonga.

Ruta mmoja anayejua mitaa yote

Tulichoamua ni kununua ruta ndogo ya MikroTik, hEX, yenye poti tano na isiyo na waifai. Nikampangia kazi hivi. Poti ya kwanza inaenda kwenye boksi la faiba. Poti ya pili na ya tatu ni duka, mtaa mpya wa 192.168.10: kompyuta ya duka 192.168.10.15 na printa 192.168.10.20. Poti ya nne ni nyumba, 192.168.20, ndiyo inayoubeba ule waya wa kwenda sebuleni, na ruta ya zamani huko sasa inatoa waifai tu. Kompyuta ya picha ikawa 192.168.20.10.

Wateja wamebaki walipokuwa, kwenye waifai ya boksi la faiba na anwani zao za 192.168.1. Uzuri ni kwamba sasa boksi hilo liko nje ya MikroTik. Kwa macho ya duka na ya nyumba, aliyekaa kwenye benchi ni sawa na mtu wa nje kabisa, na hatukununua kifaa kingine kwa ajili yake. Nilibadilisha tu neno la siri la kuingilia mipangilio ya boksi, kwa sababu wateja wanaweza kuufikia ukurasa wake.

Tatizo la njia ya kurudi liliisha lenyewe. Duka na nyumba zote ziko kwenye milango ya ruta mmoja, na ruta anaijua mitaa inayoanzia mlangoni kwake bila kuandikiwa chochote. Printa ikijibu inamkabidhi 192.168.10.1, naye anajua 192.168.20 iko upande gani. NAT imebaki sehemu moja tu, poti ya kwanza, na hilo lazima litajwe wazi kwenye kanuni. Nimeona MikroTik nyingi ambazo kanuni ya NAT haikutajiwa mlango wa kutokea. Kila mazungumzo ya ndani yanaonekana yametoka kwa ruta mwenyewe, na siku mtu akitaka kujua nani alifungua faili gani, kumbukumbu zote zina jina moja.

Kanuni za faiawali ni chache na mpangilio wake ndio uhai wake, maana ruta anazisoma kutoka juu na kusimama kwenye ya kwanza inayohusika. Juu kabisa: mazungumzo ambayo yameshakubaliwa yaendelee, ili majibu yasizuiwe. Inafuata ya nyumba na duka kwenda intaneti, kisha ya nyumba kwenda duka kwa lolote. Halafu kompyuta ya duka peke yake, kwenda 192.168.20.10 peke yake, poti 445 peke yake. Niliongeza ping hapo ili kupima kuwe rahisi. Ya mwisho inakataa kila kilichobaki, wateja wakiwemo.

Kiporo

Nilikaa kwenye kompyuta ya duka, nikaandika \\192.168.20.10 kwenye dirisha la mafaili. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa. Nikaipingi: kimya.

Safari hii sikubadilisha kitu. Nilifungua orodha ya kanuni kwenye MikroTik, ambapo kila kanuni ina kihesabio chake pembeni, nikamwomba mama abonyeze tena kule kwake huku mimi natazama. Kanuni ya poti 445 ikapanda: moja, mbili, tatu. Kwa hiyo ujumbe ulifika kwa ruta na kuruhusiwa. Nikawasha kinasa cha ruta, kinachoonyesha kila ujumbe unaopita, kwenye poti ya nyumba. Ujumbe ulionekana ukitoka kuelekea kompyuta ya picha, na hakuna hata mmoja uliorudi. Nikampigia binti simu: "Hebu fungua folda ya picha kwa laptopu yako." Kwake ikafunguka mara moja.

Hapo nikakumbuka kiporo changu cha asubuhi. Kompyuta ile haikuwa imelala. Faiawali ya Windows, kwa mtandao wa nyumbani, inaruhusu mafaili na ping kutoka mtaa wake yenyewe tu. Ndivyo inavyokuja tangu mwanzo. Binti ni wa mtaa wake, duka si la mtaa wake. Hata njia zikiwa sahihi zote, yeye mwenyewe anafunga mlango. Nikaenda kwenye kompyuta hiyo, nikafungua kanuni ya faiawali inayohusu mafaili, na kwenye sehemu ya anwani za mbali palipoandikwa mtaa wa ndani tu nikaongeza 192.168.10.15. Ya ping nayo hivyo hivyo. Niliangalia pia kama imeandikiwa ruta wake, 192.168.20.1, maana kifaa kisicho na ruta kinasikia salamu ya mtaa wa pili na hakina pa kupitisha jibu.

Ping ikajibu TTL=127. Windows huanza na 128. Moja imepunguzwa na ruta tuliyemweka. Picha za wateja zikafunguka mbele ya mama, akatafuta ya mteja mmoja aliyekuwa anamsubiri tangu jana yake, akaiprinti pale pale.

Ilibaki iPhone ya binti. RouterOS 7 ya siku hizi, programu inayoiendesha MikroTik, ina uwezo wa kuirudia mbiu ya mDNS kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Nikaiwasha kati ya duka na nyumba tu, bila poti ya kwanza. Printa ikajitokeza kwenye simu. Hodi inapigwa sebuleni, ruta anaisikia, anaipiga tena dukani kwa niaba ya mwenyewe.

Mama aliuliza kama naye akiwa dukani anaweza kuona kamera za nyumbani kwa simu yake bila kupitia intaneti. Nilimwambia hapana, si kwa mpangilio huu, kwa kuwa simu yake dukani inatumia waifai ya wateja na upande huo sitaufungulia kitu. Anaziona kupitia programu ya intaneti kama alivyozoea. Akakubali.

Wiki mbili hivi baadaye umeme ulikatika usiku kucha. Asubuhi uliporudi, faiba haikurudi hadi mchana. Mama akanipigia.

"Mwanangu, taa ya intaneti nyekundu, lakini binti ameprinti mtihani kutoka ndani na mimi nimefungua picha. Ni sawa hivyo, au pameharibika kitu?"

"Ni sawa mama. Hayo hayapitii nje tena."